Sura ya Saba: Mfuko wa Spea

Goma, giza likishaingia, uzi wa gita haupatikani. Maduka ya Birere yanayouza redio, spika na nyaya za umeme hushusha milango mapema. Gisenyi iko hatua chache tu ng'ambo ya Petite Barrière, lakini mpaka una saa zake, na harusi ya Jumamosi haisubiri mpaka ufunguliwe Jumapili asubuhi. Zamani ungeweza kumwomba ndugu aliye Kinshasa akutumie kifurushi kwa ndege. Uwanja wa ndege ulifungwa mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki nazo zikafunga milango, na mwanamuziki wa hapa akajikuta na kile tu alichokuwa nacho ndani ya nyumba.

Ndiyo maana katika sura hii spea hazipimwi kwa bei. Zinapimwa kwa dakika. Kishike mkononi kila kitu ambacho bendi yako inakitegemea, ujiulize: hiki kikifa saa mbili usiku, itachukua muda gani sauti irudi? Kama jibu ni dakika tatu, endelea na kingine. Kama jibu ni Jumatatu, kiwekee mwenzake ndani ya mfuko. Kwa kipimo hiki utashangaa kuona kwamba mfuko mzuri una vitu vidogo vya bei ndogo, na kwamba gita la pili, ambalo kila mtu huanza kuliota, linakuja nyuma kabisa.

Muziki wa Kongo umejengwa na watu waliojua kufanya kazi bila duka. Franco Luambo alipokuwa mtoto Kinshasa alijipigia gita la kopo lenye nyuzi za waya wa umeme uliochunwa. Mawangu Mingiedi wa Konono N°1 alichukua sumaku za magari yaliyokufa akatengeneza vinasa sauti vya likembe, na kundi lake likapiga Ulaya na Marekani kwa vifaa vya namna hiyo. Nawaheshimu sana watu hawa, ila nadhani somo lao husomwa vibaya. Mwanamuziki mvivu akisikia habari zao husema, “Tutajikaza kulekule.” Mingiedi hakujikaza jukwaani. Alikaa na chuma chake nyumbani akakijaribu mpaka kikaimba. Ubunifu wa aina hiyo unataka mchana na utulivu. Mbele ya bibi harusi aliyesimama akingoja wimbo wake hakuna utulivu.

Tuanze na nyuzi, kwani ndizo hukatika kuliko kitu kingine chochote, na kwa mtindo wetu wa upigaji hukatika zaidi. Sebene, ile sehemu ya magita na ya kucheza, inaweza kwenda dakika kumi au zaidi bila kupumzika, mpiga solo akiwa juu kabisa ya shingo ya gita, akirudiarudia mchoro uleule kwa kasi kwenye nyuzi mbili nyembamba. Uzi wa kwanza wa inchi 0.010 una unene wa robo ya milimita, na ukiwa umekazwa kwenye sauti yake unavuta kwa nguvu ya kilo 7 hivi. Ongeza jasho la mkono, unyevu wa ziwa na kutu. Uzi hukatika karibu kila mara mahali palepale, kwenye kitako unapojikunja kuingia ndani. Ukiona nyuzi zako tatu za mwisho zimekatikia hapo, usilaumu kiwanda. Pitisha ncha ya kidole juu ya kile kipande cha chuma kinachoshika uzi. Ukihisi ukwaru, hata mdogo kama punje ya chumvi, kisugue kwa msasa laini sana, kisha upake unga wa penseli. Kazi ya dakika tano mchana itakuokolea pakiti nzima.

Kwa mpiga mi-solo, gita lililo kati ya solo na rythmique, kuna jambo la ziada ambalo pakiti za dukani hazilijui. Wapigaji wengi wa kwetu wamerithi mtindo wa mi-composé, uliovuma tangu miaka ya Zacharie Elenga, yule Jhimmy: uzi wa nne hutolewa, nafasi yake ikawekwa uzi mwembamba unaokazwa oktavo moja juu. Gita la namna hii linakula nyuzi nyembamba mara mbili, na pakiti ya nyuzi sita ina uzi wa kwanza mmoja tu. Kwa hiyo usinunue pakiti tatu kamili ukadhani umejitosheleza. Nunua nyuzi za kwanza na za pili mojamoja, mahali popote zinapouzwa hivyo, Kampala, Nairobi, Kigali, na kila msafiri wa bendi aagizwe hizo kabla ya kuagizwa kitu kingine. Mfukoni ziwepo za kwanza angalau sita, za pili nne, za tatu mbili. Nyuzi nene hukatika mara chache. Kwa hizo inatosha seti moja uliyoivua mwenyewe ikiwa bado nzima. Hata mpiga besi aweke seti yake ya zamani badala ya kuitupa. Uzi wa besi uliochoka ukichemshwa kwenye maji hutoa uchafu na kurudisha mlio kwa muda, na usiku wa dharura muda huo unatosha.

Kubadilisha uzi jukwaani ni kazi inayofanyiwa mazoezi kama wimbo. Kwenye mfuko wa nje, ule unaofunguka kwa mkono mmoja, kuwe na uzi uliokwisha kutolewa kwenye karatasi na kuviringishwa, kizungushio cha funguo za gita, na koleo ndogo ya kukatia. Uzi ukikatika, mpiga solo ainue kichwa kumtazama wa mi-solo, na huyo achukue mchoro bila kungoja. Atalaku, mhamasishaji wa bendi, ataongeza maneno, anajua. Wewe geuka upande, vuta kipande kilichobaki, ingiza mpya, acha ulegevu wa vidole vitatu kabla ya kuzungusha ili upate mizunguko mitatu hivi kwenye ufunguo. Halafu kuna hatua ambayo wengi huiruka kwa haraka: uzi mpya lazima uvutwe. Ushike katikati, uunyanyue taratibu kutoka kwenye shingo, ukaze tena, unyanyue tena, mara nne au tano, mpaka usishuke. Ukiruka hatua hii utarudi kwenye wimbo vizuri na baada ya ubeti mmoja utakuwa umeshuka nusu sauti, na sasa bendi nzima inasikika mbovu badala ya mtu mmoja kunyamaza. Kwa mpigaji aliyezoea, kazi yote haizidi dakika tatu.

Baada ya nyuzi ni nyaya, na hapa barabara za mji wetu zina la kusema. Goma imekaa juu ya lava. Mitaa mingi ni mawe meusi yenye meno, na vyombo husafiri juu ya pikipiki, mgongoni mwa mtu, au kwenye chukudu. Mtikisiko huo hulegeza skrubu, huachanisha sehemu zilizolehemiwa, na vumbi jeusi huingia kwenye kila tundu. Ukisikia gita linakwaruza ukizungusha kitufe cha sauti, hilo ni vumbi. Kopo la dawa ya kusafishia kontakti, lile la kupuliza, ni kitu cha kwanza kabisa ambacho ningemshauri mtu wa Goma anunue baada ya nyuzi. Wenzetu wanaopiga kwenye kumbi za zulia wanaweza kukaa mwaka bila kulihitaji.

Waya wa gita hufa shingoni, sentimita moja au mbili kutoka kwenye jeki. Fungua kifuniko cha jeki iliyokufa uone. Kuna waya mmoja wa katikati, mwembamba, uliolehemiwa kwenye ulimi mfupi, na kuna nyuzinyuzi za shaba zinazouzunguka, zilizosokotwa na kulehemiwa kwenye ulimi mrefu. Mara nyingi utakuta ule wa katikati umeachia, au unywele mmoja wa shaba umekengeuka ukagusa ulimi usio wake. Unywele huo mmoja unatosha kunyamazisha gita zima. Kata sentimita mbili, chuna upya, lehemu, funga. Anayeweza kufanya hivi ana nyaya za bure maisha yake yote, kwa sababu kila bendi ina mfuko wa nyaya “zilizokufa” ambazo zina kidonda mwisho mmoja tu. Kwa hiyo mfuko uwe na chuma cha kulehemu cha wati 40, risasi kidogo, jeki mbili za milimita 6.35 zisizo na waya, na kipimaumeme cha bei ndogo. Ila usilehemu jukwaani. Usiku wa kazi unachomoa waya mbaya, unaufunga fundo ili usirudishwe kwa makosa, unachomeka mwingine. Kulehemu ni kwa kesho yake.

Hesabu ya nyaya inategemea nani analeta sono. Enzi za bendi kubwa za Dar es Salaam na Nairobi, vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi au mwenye baa, na mwanamuziki alikuja na mikono yake. Goma ya leo imechanganyika: gita ni lako, spika, miksa na mikro ni za anayekodisha, na baina ya mali yako na mali yake kuna pengo ambalo hakuna aliyelipwa kulijaza. Mpigie siku moja kabla.

“Papa, shikamoo. Kesho mikro ziko ngapi?”

“Ziko ine, mutoto yangu.”

“Na kable zake?”

“Tutaona kulekule.”

Hiyo “tutaona” iandike kwenye daftari kama sifuri. Beba nyaya mbili za mikro zenye pini tatu, waya mmoja wa kutoka simu kwenda jeki mbili, na ralonji yako mwenyewe yenye matundu yasiyopungua manne. Beba pia kile kipande kidogo kinachoingia kwenye tundu la chaja la simu na kutoa tundu la spika za masikioni, kwa sababu simu nyingi mpya hazina tundu hilo na wimbo wa kuingilia maharusi uko ndani ya simu.

Sasa umeme, na hapa naomba msomaji apunguze mwendo. Mji unapata umeme kutoka pande mbalimbali: SNEL inaleta wa Ruzizi, Virunga Energies inaleta wa maporomoko ya Rutshuru kutoka kituo cha Matebe kilichofunguliwa mwaka 2015, na vita ilipofika mjini Januari 2025 wakazi walikaa siku kadhaa bila umeme wala maji. Kwenye sherehe, umeme ukikatika, jenereta inawashwa. Hatari kubwa iko katika ule mpito. Jenereta ndogo ikiwaka bila mzigo, au mzigo ukiondolewa ghafla, volti zinaweza kuruka mbali na 220. Umeme ukikatika, mtu mmoja ambaye jina lake linajulikana tangu mchana azime kila amplifaya na achomoe kinanda. Jenereta iwashwe, iachwe itulie, kipimaumeme kiingizwe kwenye tundu, kisha vyombo vichomekwe kimoja kimoja. Wageni watapiga kelele. Waache wapige.

Kinachopasuka mara nyingi ni fyuzi, na fyuzi ni spea nyepesi kuliko zote. Angalia nyuma ya kila amplifaya ya bendi, mchana, uandike kilichoandikwa kando ya kifuniko chake: kwa mfano T3.15A 250V. Herufi T maana yake inavumilia mshtuko mfupi wa kuwasha. F hukatika papo hapo. Ukiweka F mahali pa T itakufa kila unapowasha. Urefu nao unatofautiana, zipo za milimita 20 na zipo za zaidi ya 30, na moja haiingii kwa mwenzake. Nunua tano za kila aina unayoitumia uziweke kwenye chupa ya dawa. Karatasi ya sigara, ile inayong'aa, isiguse kabisa nafasi ya fyuzi. Fyuzi imewekwa ife kabla ya transfoma. Ukiweka karatasi, transfoma ndiyo itakufa kabla ya karatasi, na ikishika moto ukumbi una mlango mmoja. Fyuzi mpya ikikatika nayo mara moja, amplifaya hiyo imemaliza kazi usiku huo. Ingiza gita moja kwa moja kwenye miksa, mlio utakuwa mkavu, mtaendelea.

Na kuna umeme unaoua. Mei 1972 Les Harvey, mpiga gita wa Stone the Crows, alishika mikro isiyokuwa na waya wa ardhi mkono mmoja ukiwa kwenye nyuzi, akafa jukwaani mjini Swansea, huko Wales. Kwenye mji uliosimama juu ya mwamba, ambako kupigilia fimbo ya ardhi ni kupigana na jiwe, usiamini pini ya ardhi ya ukutani kabla hujaipima. Kila mahali papya, kabla mwimbaji anayepiga gita hajasogeza mdomo, weka ncha moja ya kipimaumeme kwenye uzi wa gita na nyingine kwenye wavu wa mikro. Ikisoma makumi ya volti, msianze. Mara nyingi chanzo ni kwamba amplifaya na miksa zimechukua umeme sehemu mbili tofauti. Zote zikitoka kwenye ralonji moja tofauti hupotea. Pima tena. Ikibaki vilevile, muite fundi. Sifongo la kuvisha mikro, ambalo wengi hulichukua kama pambo, huweka kizuizi kidogo kati ya midomo na chuma, mradi likiwa kavu. Sijali mengine yote katika sura hii yakisahaulika kama kipimo hiki cha uzi na mikro kitafanyika.

Mpiga drams ana mahitaji mepesi: vijiti jozi tatu, ufunguo wa kukazia ngozi, vipande vya kitambaa kizito vya kushikia matoazi, parafujo za masikio, na kamba ya kufungia waya za sinea, ambayo hukatika bila kutoa onyo. Ngozi ya sinea ya inchi 14 ni pana, haiingii mfukoni; ifungwe mgongoni mwa kinanda. Ngozi ikichanika kidogo, skotchi nene kutoka ndani na nje itafika mwisho wa usiku. Mpiga kinanda aangalie chaja yake. Kinanda kidogo cha Yamaha kinataka volti 12 na chanya iko katikati ya pini, wakati pedali nyingi za gita zinataka volti 9 na hasi ndiyo iko katikati. Pini zenyewe zinafanana. Paka rangi ya kucha nyekundu kwenye moja, mambo yaishe. Weka pia betri mbili za volti 9, zikiwa bado kwenye karatasi zake.

Anayeimba juu ya muziki uliorekodiwa abebe flashi mbili zenye nyimbo zilezile, zimepangwa kwa FAT32 kwa sababu miksa nyingi hazisomi aina nyingine, na nakala ya tatu ndani ya simu. Asitegemee kupakua chochote ukumbini.

Vipi kuhusu safari? Tundu za ukuta za Kongo na Rwanda zinapokea pini mbili za mviringo bila shida kubwa, lakini Uganda, Kenya na Tanzania zina tundu za pini tatu bapa. Adapta mbili zikae mfukoni hata kama hamna safari, kwani mialiko huja ghafla. Kwenye mpaka, karatasi moja yenye orodha ya vyombo na namba zake, iliyogongwa muhuri wakati wa kutoka, huondoa mabishano wakati wa kurudi. Na weka pesa kidogo: faranga, pamoja na noti ndogo za dola zisizo na mchaniko hata wa ukucha, kwa maana iliyochanika hakuna atakayeipokea.

Mfuko wenyewe uwe mdogo. Nasema hivi nikikumbuka Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipopitisha lava katikati ya mji hadi ziwani, na Mei 2021, ilipolipuka tena, watu walipoambiwa waondoke katika mitaa 10 wakaelekea Sake na Gisenyi na walichoweza kubeba. Mtu anayekimbia na watoto hatabeba sanduku la chuma. Mfuko wa mgongoni wa mtoto wa shule unatosha kila kitu nilichokitaja isipokuwa ngozi ya drams. Ndani, kila fungu liwe kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani: nyuzi, nyaya, fyuzi na betri, zana. Betri zisikae pamoja na vyuma. Juu kabisa tochi ya kuvaa kichwani, kwa sababu utaufungua mfuko huu gizani.

Bendi ikiwa na watu wanane, mfuko wa wote ni mfuko wa hakuna. Mchagueni mtu mmoja, asiwe kiongozi, kiongozi ana mengi. Mimi humpendekeza mpiga rythmique: ni mtu wa kusimama mahali pamoja na kuwasikiliza wengine wote. Apewe daftari. Kila kitu kinachotoka kinaandikwa, na fedha ya kukirudisha inakatwa kwenye malipo ya usiku huohuo kabla ya kugawana.

Swali la mwisho ni la jirani. Kwenye tamasha lenye vikundi vingi, kama Amani lililoanza mwaka 2014, au kwenye ibada ya kwaya tano, lazima kijana wa kundi jingine atakuja pembeni ya jukwaa: “Mukubwa, kuko uzi ya kwanza?” Mpe. Mpe na koleo. Andika jina lake na namba ya simu kwenye daftari, umwambie akirudisha uzi wowote mwembamba unakubalika, hata wa 0.009, na kama ni wako wa mwisho, mpe baada ya zamu yako kupita.